Nywele za Mfalme Karimund

Karimund alikuwa mchunga nguruwe wa watawa mpaka mfalme wetu alipokufa bila mtoto. Hapo ndipo Warimbert, msimamizi wa jumba, alipokumbuka kwamba yule mchunga nguruwe ni binamu wa marehemu. Tatizo ni kwamba watawa walikuwa wamemnyoa kichwa, na kwetu sisi Wafaranki mfalme ni nywele. Kama hazifiki mabegani, huna ufalme, hata damu yako iwe ya nani.

Warimbert hakutaka kungoja ziote. Mimi Radelinda ndiye niliyekuwa nikimchana marehemu, kwa hiyo akaniletea nywele alizomkata kabla ya kuzikwa.

"Shona, mama. Ukifungua mdomo, nitaushona na huo."

Nikazishona kwenye kofia nyembamba ya kitani, nikamvika Karimund na kuifunga kwa uzi uliojificha ndani ya ndevu zake. Sikukataa, maana nilikuwa na langu. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu Gundo alichukua shamba letu la shayiri kando ya mto. Alisema sheria haimpi mwanamke ardhi. Mgongo wangu ulipopinda pale kwa kulima, sheria ilikuwa wapi? Neno la mfalme mbele ya wapiganaji lingeweza kumtoa, lakini kila nilipomwomba marehemu alijibu, "Tutaona," huku anasinzia. Amekufa hajaona.

Karimund naye alifundishwa neno moja tu: "Tumesikia." Alikula, akalala, akazungushwa kwenye gari la ng'ombe.

"Mama, huyu ng'ombe wa kulia si anafanana na yule nguruwe wangu jike?"

"Tulia, mfalme. Nywele zitakuvuka."

Siku ya baraza la Machi nilisimama nyuma yake na chanuo, kama ilivyo desturi. Gundo alikuwa mbele kabisa, tumbo limejaa shayiri yangu. Nikamwinamia Karimund sikioni.

"Nina kisu hapa. Sema shamba la Radelinda lirudi kwake, la sivyo nakata uzi."

"Ukikata itakuwaje?"

"Utarudishwa kwa nguruwe."

Akageuka taratibu, uso umemng'aa kama wa bwana harusi. "Kweli, mama? Basi kata."

Sikuwa nimetegemea hilo. "Sema kwanza, mwanangu. Nitakata baadaye."

Akalisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita mifugo porini. Wapiganaji wakagonga ngao. Warimbert aliuma meno, lakini neno lilikuwa limeshasikika. Gundo akahama na mbwa wake.

Sikukata. Ningekata, kofia ingeanguka, neno lingekuwa la mchunga nguruwe, na shamba lingerudi kwa Gundo. Nilingoja mpaka nywele zake mwenyewe zikafika mabegani, akawa mfalme wa kweli, wala hakuna aliyeona tofauti.

Hata sasa nikimchana huniuliza, "Mama, na ile ahadi yetu?"

"Tutaona," namjibu.