Bomba Linalotekenya

Nyumba tuliyopanga Mtoni ilikuwa na bomba la chuma uani, na pembeni yake kandambili za bluu zisizo na mwenyewe. Ukitaka kuchota maji, unazivaa. Usipozivaa, bomba linakutekenya. Ndivyo walivyosema wapangaji wote, "linatekenya," utadhani wanamsema mtoto mtundu. Pampu ya kisima ilikuwa inavujisha umeme. Kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa anamsubiri mwenye nyumba. Mimi nililiogopa lile bomba kuliko nyoka.

Kisha mama akaja kunitembelea. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ua mzima maji. Ilipoadhiniwa alasiri nikamwona anakunja mikono ya gauni, anaelekea bombani kutia udhu. Moyo ukanilipuka. Nani anatawadha miguu na kandambili zake? Atazivua. Atasimama pekupeku kwenye maji, mkono kwenye chuma.

"Mama, subiri! Nalipima kwanza."

"Bomba nalo linapimwa?"

Nilikuwa na mita ya kupimia umeme ya kaka yangu, fundi umeme wa magari kule Buguruni. Alinifundisha: waya mwekundu kwenye tundu la volti, si la ampea, shika plastiki, usiguse ncha, na kabla ya yote, jaribu kwanza penye umeme unaoujua. Hofu ikanisahaulisha hilo la mwisho. Nikachomeka ncha nyeusi kwenye udongo uliolowa, nyekundu nikaigusisha bombani.

Sifuri.

Jirani yangu, aliyekuwa anakaanga vitumbua kibarazani, akacheka. "Si nilikwambia, dada? Leo limepoa. Muache bimkubwa atawadhe."

Mama akavua kandambili moja.

Nilitamani sana kuiamini ile sifuri. Lakini jana yake tu bomba lilinirusha mkono, na leo ua umelowa zaidi. Nikakimbilia soketi ya kibarazani, ambako redio ya jirani ilikuwa imechomekwa inaimba, nikapima upande wa pili uliokuwa wazi. Sifuri. Redio inaimba, mita inasema hakuna umeme!

"Mama, usiguse!"

Nilipiga ukelele wa kichaa. Kitufe cha kuzungusha cha mita kilikuwa bado kwenye umeme wa betri, kama kaka alivyokiacha alipopima gari la mtu. Nikakizungusha hadi umeme wa nyumbani, kipimo cha juu kabisa. Soketi: mia mbili thelathini. Nikarudi bombani. Mia na sitini na kitu.

Jirani aliacha kucheka. Kitumbua kikaungua.

Nikazima swichi ya pampu, nikapima tena bomba: sifuri. Nikarudi soketini: mia mbili thelathini. Sifuri hii sasa ilikuwa ya kweli, lakini roho yangu haikutaka kusikia. Nikamtekea mama maji ya pipa kwa ndoo, nikamwekea mbali na bomba, kisha nikaenda kusimama kwenye swichi, maana katika nyumba ile mtu yeyote angeweza kuiwasha.

Mama akatawadha bila haraka: mikono, uso, kichwa. Alipofika miguuni akainua macho.

"Mbona unanitolea macho hivyo, mwanangu? Kwani nakufa?"

Kiganja changu kilikuwa bado kimeifunika ile swichi.