Udongo Ulionasa Sumu ya Kisimani

Udongo wa utafiti wangu niliutoa kwa shangazi, mfinyanzi wa vyungu katika kijiji kimoja upande wa Nzega. Jina la kijiji sitalitaja, kwa sababu bado anaishi hapo. Yeye ndiye aliyenilea. Nilipomwambia nasomea namna ya kusafisha maji kwa udongo na chuma, alinichimbia mwenyewe ule wa kijivu, akauchekecha, akanifungia kwenye kiroba.

Maji nayo niliyachota kisimani kwao. Juu kidogo ya kisima palikuwa na mwalo, eneo la kuchenjulia dhahabu. Karasha lilisaga mawe kutwa nzima, na tope lililobaki baada ya dhahabu kutolewa, wanaloliita marudio, lilirundikwa pembeni bila hata turubai. Mvua ikinyesha, tope linateremka. Kila mtu aliliona likiteremka.

Chuoni nilichemsha majani ya chai, nikayachuja, nikamimina rangi yake kwenye maji yenye udongo ule na chumvi ya chuma. Mchanganyiko ukawa mweusi papo hapo. Hizo zilikuwa chembe za chuma, ndogo mno kuonekana kwa jicho. Zikiachwa peke yake hugandana na kupoteza nguvu, lakini udongo huzishika zikae mbalimbali. Ukiukausha mchanganyiko uwe unga, ukautia kwenye maji na kuyatikisa, madini ya risasi hunasa humo. Nilipima maji ya kisima kabla, nikapima baada. Baada, mashine ilikaribia kutoona kitu. Kabla, ilionyesha kiasi ambacho binadamu hapaswi kukinywa.

Nilimwambia msimamizi wangu kwamba watu wanayanywa maji yale, na kwamba nataka nikawaambie. Akasema nisubiri kwanza makala ichapishwe, maana tukizua taharuki tutanyimwa kibali cha kurudi kuchukua sampuli. Alisema kwa upole, kama mtu anayemshauri mwanawe.

Nikasubiri. Hilo ndilo linalonichoma, na hasira yangu ya kwanza ni juu yangu mwenyewe. Masika mawili yalipita. Nilikuwa nakwenda kwa shangazi, namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, ananiletea maji. Nasema sina kiu. Yeye anakunywa. Mke wa mwanawe, mjamzito wakati huo, anakunywa.

Makala ilipotoka nilipanda basi na ndoo mbili za kuchujia na mfuko wa unga mweusi. Nikamweleza shangazi kila kitu. Alisikiliza mikono ikiwa imejaa udongo, kisha akauliza jambo moja.

"Ulijua lini?"

Nikamwambia.

"Yaani ulikuwa unakaa hapa kwangu, maji unayakataa, na sisi unatutazama tu."

Akanawa mikono. Alipika, akaniwekea ugali, akaenda kulia chakula chake nje.

Asubuhi aliwaita wanawake wanaochota kisimani, akaniagiza nirudie mbele yao. Nikaonyesha ndoo. Nikaeleza kwamba unga ukishanasa sumu nyingi huchoka, hubadilishwa. Jirani mmoja akauliza ule uliochoka watautupa wapi. Nikajibu kwamba usitupwe shambani wala karibu na maji, urudishwe maabara. Akauliza kama maabara ipo Tabora. Nikasema hapana, ni mbali zaidi. Wakatazamana, nami nikaona nilichowaletea: kazi nyingine ya wanawake, ili mwenye karasha asisumbuliwe.

Kwenye mkutano wa kijiji viongozi walisema mwalo unaleta ajira, na kwa kuwa mtaalamu ameleta dawa, jambo limekwisha. Nilisimama nikasema si dawa, na hakuna unga utakaotosha tope linaloongezeka kila siku. Mwenye mwalo akaniuliza, bila kupandisha sauti, mbona nilikaa kimya muda wote huo. Alikuwa na haki ya kuuliza, na hilo lilinikera kuliko tusi.

Shangazi ndiye aliyemjibu. "Huyo ni wangu, nitashughulika naye mwenyewe. Wewe ondoa tope lako."

Wanawake wakaanza kukaa kila asubuhi katikati ya njia inayopitiwa na malori ya mawe. Walitishwa, wakaitwa wachochezi, wakarudi kukaa. Mwishowe mwalo ulihamishiwa nyuma ya kilima. Rundo la marudio limebaki palepale, limefunikwa turubai ambalo upepo umeshalichana. Kisima kimefungwa, na sasa wanachota kwenye pampu ya mbali, mwendo mrefu na ndoo kichwani.

Mtoto wa yule mkwe alizaliwa mdogo na amechelewa kutembea. Huenda ni maji, huenda siyo. Zahanati haina kipimo cha risasi katika damu, na kila nikimbeba nashindwa kumtazama mama yake.

Juzi msimamizi aliniandikia. Anataka sampuli mpya, safari hii kutoka nyuma ya kilima, ambako pia kuna watu. Nimemjibu kwamba nitakwenda, ila matokeo yatasomwa kwanza kwa wanaoyanywa maji hayo, siku ileile yatakapotoka.

Jibu lake sikulisubiri. Nimeshakata tiketi.