Kimya cha Gari la Mdogo Wangu

Siku mdogo wangu alipoingiza lile gari kwenye boma la Mama, nilitamani lizime papo hapo mbele ya watu. Lilikuwa dogo, la buluu iliyokolea, taa zake za mbele nyembamba kama macho ya mtu mwenye dharau, na mlango wa nyuma ukifunguka kwenda juu kama kifuniko. Majirani walitoka kuchuma chai, vikapu bado mgongoni, wakalizunguka. Mchungaji aliitwa kuliombea, maana kwetu gari jipya haliendi barabarani bila maombi. Alipofika pale pa kumsihi Mungu alilinde, mimi nilikuwa nimefumbua macho naangalia rimu.

Mimi ndiye mkubwa. Nina gari langu, jeupe, la gia za mkono, ambalo limebeba ndizi, mbuzi, maharusi na hata jeneza la mjomba wetu. Baba, aliyekuwa dereva wa lori la ndizi, ndiye aliyenifundisha kuendesha, mimi peke yangu, kwa sababu mdogo wangu wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Yeye alikuja kujifunza baadaye, mjini, kwa mwalimu wa kulipwa, kwenye gari linalojibadilishia gia lenyewe. Kwangu hiyo haikuwa kuendesha, ilikuwa kupelekwa.

Kisha kuna habari ya Mama. Mama ana presha, na kliniki yake iko mjini Kisii, ilhali sisi tuko upande wa Nyamira. Kwa miaka sita mimi ndiye niliyempeleka kila mwezi. Ninashona sare za shule dukani kwangu, na siku ya kliniki cherehani yangu hulala. Tulipopita sokoni watu walikuwa wakisema, yule mama ana binti. Nilijifanya sisikii, lakini nilikuwa nikipunguza mwendo.

Gari la buluu lilipokuja, mdogo wangu, anayefanya kazi ya ofisi huko huko Kisii, alisema sasa atanisaidia. Alimpeleka Mama mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama akawa anarudi akisimulia. Hakusikia hata shimo moja. Alilala njia nzima. Kiti kinapashwa moto kama mtu ametoka kukikalia. Nilimkuta siku moja kwenye simu na shangazi yetu wa Nyamache, anamweleza habari za kiyoyozi, mwanamke ambaye maisha yake yote amesema dirisha likifunguliwa atapata homa ya mapafu. Niliosha sufuria zake kwa nguvu mpaka akaniuliza kama zimenikosea.

Nilikuwa na wivu. Siutafutii jina jingine. Haukuwa ule wa kutamani gari zuri ambao humpata kila mtu akipitwa barabarani. Nilikuwa naona nafasi yangu ya binti wa kutegemewa ikiondoka, tena bila hata ngurumo.

Mwezi wa nne ofisi ilimwita mdogo wangu kwenye semina ya siku nzima inayoanza saa moja asubuhi, na daktari wa Mama huanza kazi saa nne. Nikajua zamu yangu imerudi. Siku hiyo niliamka mapema, nikaosha gari langu, nikapangusa hata vumbi la kwenye redio, nikaenda kumchukua. Nilipoingia bomani nikalikuta la buluu limeegeshwa chini ya mparachichi. Mdogo wangu alikuwa amelileta jioni, akalala pale, kisha akarudi mjini alfajiri kwa gari la abiria.

"Ametuachia lake," Mama akasema, akinipa ufunguo. "Mimi ndiye niliyemwomba. Twende na hilo."

Hakulitazama langu, na lilikuwa bado linachuruzika maji.

Niliingia, nikafunga mkanda, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Hakuna kilichotokea. Nikabonyeza tena. Mama alisubiri kwa adabu, halafu akasema, "Sasa umelizima. Lilikuwa limeshawaka." Hebu fikiria. Mama yangu, ambaye hajawahi kushika usukani, ananifundisha kuwasha gari.

Mdogo wangu alikuwa amenieleza habari za injini yake siku ya maombi, nami nikajifanya sina haja. Ni injini ya petroli, lakini haigusi magurudumu hata kidogo. Kazi yake ni kufua umeme tu, umeme unaingia kwenye betri, na mota ndiyo inayozungusha magurudumu. Nilipoisikia nilisema ni kama kumwajiri mtu wa kumpikia mpishi. Watu walicheka, nikaona nimeshinda.

Lakini barabarani sikushinda chochote. Niligusa pedali tu, gari likaondoka bila kusita, bila kunisubiri nitafute gia. Kile kilima cha kiwanda cha chai, ambacho langu hukipanda kwa gia ya pili likilalamika, hili lilikipanda kama tambarare. Ukiinua mguu linajipunguza lenyewe, hata matuta nikayavuka bila kugusa breki. Usukani ulikuwa mwepesi, nyuma fupi inafuata kona bila kuyumba, na mashina ya chai yalipita pembeni kwa kimya kiasi kwamba niliwasikia wachumaji wakisalimiana. Injini yenyewe iliwaka ilipotaka na kuzima ilipotaka, haina habari na mguu wangu. Mara tuko kwenye tambarare inavuma kidogo, mara tunapanda iko kimya. Hilo tu ndilo lililonikera kwa haki. Mengine yote yalinikera kwa sababu nililipenda. Nilikuwa natabasamu peke yangu, nikajikuta, nikakunja uso tena.

Basi nikaamua angalau kumwonyesha mwenye gari kwamba dereva wa nyumba hii bado ni mimi. Sisi wa milima hii tuna mtindo wetu: mteremko ukianza, unatoa gia, unaliweka gari frii, linashuka kwa uzito wake lenyewe, na petroli inapumzika. Baba alikuwa akisema ni mjinga tu anayechoma mafuta akiteremka. Mdogo wangu hakufundishwa hayo. Nilitaka nimrudishie gari mshale wa mafuta ukiwa palepale alipouacha, aje aniulize nimefanyaje. Kwa hiyo kila mteremko nilisukuma gia kwenye N, ndiyo frii yake, nikaliacha lishuke, na kutoka Nyamira kwenda Kisii miteremko si haba.

Katikati ya safari tulikuta wanatengeneza barabara. Mtu mwenye bendera nyekundu akatusimamisha, tukangoja sana. Nilifanya kama dereva yeyote aliyefundishwa vizuri: N, breki ya mkono, nikatulia. Mama alikuwa amewasha kiyoyozi na kiti cha moto kwa pamoja, anajistarehesha. Mara kioo kidogo cha nyuma ya usukani kikalia na kuandika maneno madogo. Miwani yangu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa nyuma. Nikaona kama ni jambo la muhimu kitalia tena. Kikalia tena. Nikaongeza sauti ya redio.

Bendera ya kijani ilipoinuliwa, kilima kirefu kilikuwa kinatungoja. Tulikianza vizuri. Tulipofika nusu, ile injini isiyosikika ikaanza kupiga kelele ambazo sijapata kuzisikia hata kwenye gari langu, na mwendo ukashuka. Nikakanyaga mpaka mwisho. Ukashuka zaidi. Kwenye kioo ikatokea taa ndogo yenye picha ya mnyama. Mama akainama, akaitazama kwa makini.

"Ni kobe," akasema.

Alikuwa kobe kweli. Pikipiki iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi ikatupita, dereva wake akageuka kutuangalia kwa huruma. Nikaegesha pembeni.

Ilinibidi nimpigie simu. Katika yote niliyofanya mwaka huo, hakuna lililonigharimu kama kulitafuta jina lake kwenye simu. Alipokea akinong'ona, yuko semina.

"Dada, kuna nini?"

Nikamweleza habari za kobe.

"Umekuwa ukiweka N?"

"Nikiteremka tu. Na pale tulipongoja."

Kisha nikasikia kicheko kidogo anachokibana. "Dada yangu, hilo gari huchaji kwenye mteremko. Likiwa kwenye N betri haipati kitu, linatumia tu, na huyo kobe ni betri kuisha. Zima kiyoyozi, weka P ya kuegesha, liache lingurume robo saa. Halafu njoo kwa D ya kwenda mbele, panda shuka, usiguse gia tena. Pole, Dada." Angenitukana ningemshukuru. Aliniambia pole, tena kwa upole wa kweli.

"Amesema nini?" Mama akauliza.

"Amesema gari lina matatizo." Nilidanganya, na bado sijatubu. Halafu, kwa kuwa tulikuwa tumekaa tu, nikatoa lile nililokuwa nalo moyoni tangu alipolala njia nzima. "Mama, haya magari ya mapambo si ya milima yetu. Mwezi ujao twende na langu. Na miezi mingine yote. Langu halina kobe."

Mama akaanza kukunja na kukunjua leso yake. Yeye huzungumza Ekegusii, lugha yetu, nami maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili nikijua yamepungua ukali.

"Si gari," akasema. "Kelele za gari ni nini? Mimi nimelala kwenye lori la baba yenu, juu ya ndizi, nikiwa na mimba yako."

"Basi ni nini?"

"Ni wewe, mwanangu. Nikipanda tu unaniambia umefunga duka. Tukifika darajani unaniambia kuna mzazi anangoja sare. Nikitoka kwa daktari unaniambia umenyeshewa ukiningoja. Miaka sita. Wananipima presha, iko juu, daktari ananiuliza nimekula chumvi."

Nilitafuta la kujibu, likaja lile baya kuliko yote. "Lakini ni kweli nilikuwa nafunga duka."

"Ulikuwa unafunga. Nani mwingine angefunga? Ninajua, na Mungu anajua." Akaiweka leso kwenye mkoba. "Lakini tarehe ikikaribia nilikuwa naanza kuogopa. Huyu mdogo wako alipokuja, nikamwambia, nipeleke wewe, dada yako apumzike. Na mimi nipumzike."

Robo saa ile ilikuwa ndefu. Injini ilinguruma pale pembeni ya barabara ikijaza betri, na sisi wawili tuliitazama ile taa ya kobe mpaka ikazima. Niliweka D. Sikutoa gia tena, na kila mteremko niliona mistari ya betri ikipanda, kama alivyosema. Kliniki tulifika tumechelewa kidogo lakini daktari alikuwapo. Mama alipotoka kupimwa sikuthubutu kumuuliza presha imesoma ngapi.

Semina iliisha saa tisa. Mdogo wangu akatukuta nje ya kliniki, maana alitaka kutufikisha Nyamira kisha arudi na gari lake mjini. Nilimpa ufunguo kabla hajauomba. Mama aliingia mbele, upande wa abiria, bila kuuliza nani akae wapi. Mimi nikaingia nyuma. Sijawahi kukaa nyuma katika gari lenye Mama ndani tangu Baba afariki.

Nilidhani mdogo wangu atanicheka kuhusu N. Hakuigusa habari hiyo. Hakusema lolote la semina, wala kwamba hajala, ingawa nilimwona akitafuna biskuti za mkobani kwa siri kama mtoto. Alimuuliza Mama habari za kuku. Akamuuliza yule jirani aliyekorofishana naye juu ya mpaka wa ndizi ameishia wapi. Mama akaongea. Akaongea mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, nami naishi kilima cha pili kutoka kwake: kwamba mguu wa kushoto humuuma usiku, kwamba alimuota Baba akichagua shati, kwamba kuna wimbo wa kanisani ameusahau ubeti wa tatu na unamsumbua. Alicheka mara mbili. Mdogo wangu alikuwa anasema "eeh" na "halafu?" tu, macho yakiwa barabarani, na gari linashuka na kupanda bila sauti. Nilitazama migongo yao. Nilimwonea mdogo wangu wivu kuliko siku ya maombi, na sasa haukuwa na uhusiano wowote na rangi wala rimu.

Tulipokaribia Nyamira Mama aligeuka kitini, akanitafuta kule nyuma kwa macho.

"Na wewe mwanangu, mbona kimya? Hebu tuambie, siku zako zinakwendaje?"

Nilifungua mdomo. Nikapekua kila kilichokuwa kwenye ulimi, na chote kilikuwa lawama. Mama alisubiri, akasubiri tena kidogo, kisha akamgeukia mdogo wangu na kuendelea na habari za kuku.