Uji Mkabala na Mlango wa Mjane

Muuza uji wa mtaani kwetu hukoroga kwa mkono wa kushoto, hupangusa mikono hata ikiwa mikavu, na akikukaribisha utadhani anakufukuza. Mimi nauza samaki wakavu na hakuna bei nisiyoishusha, ila kwake sijawahi kuongezwa hata kipande cha tangawizi.

Juzi Nardo, dereva wa bajaji, alipigwa risasi mlangoni kwake, na mjane wake Ising akabaki na jeneza katikati ya viti vitupu. Watu waliogopa kuonekana pale, wasije wakalengwa na wao. Mimi sikuogopa, nilikuwa na sababu yangu ya kutokwenda. Kwetu mtu akitoka matangani haendi nyumbani moja kwa moja, asije akaandamana na marehemu. Hupitia kwanza penye watu. "Na leo Jumapili, hufungui," nikamwambia muuza uji. "Sasa nitapitia wapi, dada?"

Akapangusa mikono, akabeba jiko na sufuria, akavitua mkabala na mlango wa Ising. "Utapitia hapa."

"Karibu mno. Nardo atanifuata."

"Akufuate. Akifika kwenye uji wangu hasogei mbele, namjua."

Nikaingia kwa Ising. Kabla sijampa pole, nikamsikia mtu nje akiuliza uji utakuwapo mpaka saa ngapi.