Yoakimu Apata Mtoto Kijitoni

Yoakimu wa Bashay alikuwa mkulima wa vitunguu saumu, na kwa jambo moja hakuwa na mpinzani kata nzima: meno. Soda aliifungua kwa meno. Kamba ya gunia aliikata kwa meno. Siku nati ya pikipiki ya katekista ilipogoma kulegea, aliijaribu nayo kwa meno, na ikalegea kidogo. Mkewe, Bernadina, alimwonya kwamba atazeeka akinywa uji tu. Yoakimu akajibu kuwa uji anaupenda.

Basi akaja dada mmoja, Brightness, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akichunguza wadudu wa vijito vya milimani. Alihitaji mtu wa kumsaidia, na mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Ignasi, akampa Yoakimu, kwa kuwa shamba lake limepakana na maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hao wadudu unataka kuwaua?"

"Nataka kuwatambua. Wakiwa wadogo ndani ya maji wanafanana mno, hujui huyu ni nani. Kwa hiyo tunachukua mguu mmoja tu, tunapima DNA. Kila aina ina alama yake, kama ile mistari myeusi kwenye pakiti ya sabuni."

Yoakimu aliitikia kwa kichwa. Neno DNA alilijua. Bashay nzima ililijua kutoka redioni: ni kile kipimo ambacho mwanaume mwenye mashaka anampelekea mtoto, majibu yanatoka, ndoa inavunjika. Kwamba sasa kimewafikia wadudu halikumshangaza. Huenda na wao wana matatizo yao.

Wakakunja suruali, wakaingia majini. Brightness aligeuza mawe na kukinga wavu. Yoakimu alipewa kibano cha kunyofolea miguu, na vichupa vya spiriti vya kuitia. Kibano kilikuwa chembamba, na vidole vyake vilizoea jembe. Wachache aliwaweza. Kisha akafika kwa mdudu mmoja wa wale wanaojijengea kinyumba cha mchanga, naye akagoma kutoka. Alipotoka, akateleza. Alipokamatwa tena, kibano kikadondoka majini.

Brightness alikuwa amegeuka kuosha wavu. Yoakimu akafanya alivyozoea kufanya maisha yake yote. Akaung'ata ule mguu, kwa upole, akautemea ndani ya kichupa, akafunga.

Baada ya mavuno Brightness alirudi na majibu ya maabara, na Mzee Ignasi akaitisha mkutano. Watu walikaa kwenye nyasi, wakasikiliza kwa adabu huyu ni aina gani, yule ni aina gani, na jinsi wadudu hao wanavyoonyesha kuwa maji bado ni mazima, maana sabuni na oili huwaua mapema.

"Kuna kichupa kimoja tu kimetushangaza," alisema Brightness. "Ni kimoja cha vile alivyofunga Baba Yoakimu. Alama yake imetoka ya binadamu."

Alikuwa na maelezo zaidi, lakini hayakusikika.

Bernadina alisimama taratibu, akajifunga kanga vizuri. "Mwenyekiti, naomba niulize. Mama yake ni nani?"

Mzee mmoja akataka kujua kama mtoto huyo atabatizwa. Mwingine akauliza atarithi shamba upande gani, juu au huku chini kwenye maji. Mzee Ignasi akasema yeye si mtaalamu, ila kwa anavyosikia redioni, kipimo hicho huwa hakikosei.

"Nilitumia meno," Yoakimu akasema, akiangalia viatu vyake.

"Meno?" Brightness akauliza.

"Kibano kilidondoka."

Brightness akaziba mdomo kwa karatasi zake kwa muda. Kisha akaeleza kwamba mate ya mtu nayo yana DNA, na mashine imesoma mate ya baba badala ya mguu wa mdudu. Maelezo yalikuwa mazuri, yalinyooka, na hakuna hata mmoja aliyeyataka.

Jioni hiyo Bernadina alipakua ugali, akamega kitonge pembeni. "Hiki cha mdogo. Utampelekea." Kufikia siku ya gulio alikuwa Baba Mdudu, na mpaka wauza mitumba walimwita hivyo. Iliuma, hasa kwa kuwa katekista naye alicheka.

Kisha siku moja akamkuta Alfredi, kijana wa bodaboda, ameingiza pikipiki kijitoni, povu la sabuni ya unga linateremka na maji. Wengi walishamkataza, akawapuuza. Yoakimu alisimama ukingoni, uso haukunjuki.

"Alfredi. Unawamwagia wanangu sabuni machoni."

Alfredi alianza kucheka. Akamtazama vizuri, akaacha.

"Samahani, baba. Sikujua wapo upande huu."

"Wapo pande zote."

Pikipiki ikatolewa. Waliokuja baada yake waliambiwa hivyohivyo, nao wakamwomba mzazi samahani. Sasa zinaoshewa barabarani, kwa ndoo.

Brightness alikuja tena kurudia kile kipimo kimoja, na safari hii kibano alikifunga kwa uzi kwenye kifundo cha mkono wa Yoakimu. Majibu yalipotoka alimpigia simu, akamsomea jina la kitaalamu la mdudu yule. Lilikuwa refu. Yoakimu alijaribu kulitamka mara ya kwanza, akajaribu tena, akashusha pumzi.

"Sawa, mwanangu. Hapa nyumbani tutamwita Modest."