Daktari wa Usingizi Akifundisha

Daktari wa usingizi hufundisha akiwa amempa mgonjwa mgongo. Binti mwenye miwani, mwanafunzi wa udaktari aliye wiki ya pili katika chumba cha upasuaji, ameshamkariri: anavyokohoa kabla ya swali, anavyobofyabofya kalamu akisubiri mtu akosee, na ule mkono laini unaovipiga vidole vya wanafunzi kila wakisogelea kitanda. "Msiguse! Mtaniulia mtu." Sindano huchoma yeye, plasta hubandika yeye, na sifa hujimwagia mwenyewe.

Leo kasukuma dawa ya usingizi, akageuka na kuanza hotuba yake ileile ya jinsi ya kumchunga mgonjwa bila kupepesa macho. Binti akaona mkono wa mgonjwa unavimba pale penye sindano; dawa ilikuwa inamwagika nje ya mshipa. "Daktari, samahani..."

"Subiri, binti. Huyu sasa hata umpigie ngoma hasikii."

"Nasikia, daktari," mgonjwa akasema chini ya barakoa ya oksijeni. "Na mkono unawaka moto."

Kalamu ikanyamaza. Daktari akautazama ule uvimbe, kisha akawageukia wanafunzi kwa ukali.

"Nani kati yenu kaigusa hii sindano?"