Hazel Aliyeuza Shamba Upande wa Pili

Mdogo wangu Hazel anachuma uyoga. Ana shahada ya uzamili ya masomo ya amani kutoka chuo kikuu cha Uswidi, alikosomeshwa kwa ufadhili pamoja na vijana waliochaguliwa kutoka kila pembe ya dunia. Leo anaamka alfajiri, anavaa kofia ya wavu na kuchuma uyoga kwenye vitanda vya mboji pamoja na Walithuania na watu wa Timor. Mimi ni dada yake, naitwa Lorna, na sitaki mtu aniambie kwamba hakuna kazi ya aibu. Hilo nalijua. Nina uchungu na nitausema.

Sisi ni watu wa Killyveagh, huku Tyrone, ambako Waprotestanti na Wakatoliki waliwahi kuuana; sisi ni Waprotestanti wa kuzaliwa, ingawa mimi kanisani naonekana Krismasi na kwenye mazishi tu. Kwetu kuna jambo ambalo halikuandikwa popote na kila mtoto analijua: shamba la Mprotestanti huuzwa kwa Mprotestanti, na la Mkatoliki kwa Mkatoliki. Unaweza kumkodishia jirani wa upande wa pili mpaka mzeeke pamoja, ukamwazima trekta, naye akaja usiku kukusaidia kumzalisha ng'ombe wako. Kumwuzia ni habari nyingine.

Huko Uswidi Hazel aliandika tasnifu nene kuhusu ugomvi wa ardhi katika nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Nilimuuliza kwa nini asiandike kuhusu huku kwetu. Akasema, "Ya kwetu nayajua, dada." Nilicheka, nikaenda zangu kazini.

Aliporudi akapata kazi kwenye kituo cha ujirani mwema kule mjini. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaweka watu wa pande mbili kwenye chumba kimoja, awape chai na keki, awasikilize. Alikuwa na namna yake ya kusikiliza: anakutazama machoni, halafu anakurudishia maneno yako mwenyewe. "Ninachosikia ni kwamba umeumia." Mama hakuwa na subira na mambo hayo. "Ninachotaka usikie ni kwamba makaa yameisha," alimwambia siku moja. "Chukua ndoo."

Lakini kazi aliiweza, lazima niseme. Vijana wa bendi yetu ya filimbi na ngoma, ambao kila Julai, kwenye maandamano yetu ya Kiprotestanti, hupita mbele ya nyumba za Wakatoliki wakipiga ngoma kwa nguvu zaidi, aliwakalisha meza moja na vijana wa timu ya mpira ya Wakatoliki. Mwanzoni walikuwa wanatazama vikombe tu. Kufika masika walikuwa wanafyeka pamoja makaburi ya zamani, wakitukanana kama ndugu. Kituo kiliongozwa na kamati, nusu huku nusu kule, na kwenye kamati hiyo alikuwamo Fergus McAleer, jirani yetu Mkatoliki aliyekodi shamba letu la bondeni tangu kabla Hazel hajazaliwa.

Kisha baba akafa. Siku ya mazishi Fergus hakuingia kanisani, kwa desturi ya zamani ya Wakatoliki wa kwetu. Alisimama nje ya geti kwenye mvua mpaka ibada ikaisha, kama baba yake alivyokuwa akifanya, halafu akaja akatia bega kwenye jeneza mpaka kaburini. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo tunavyozikana.

Shamba lote aliachiwa Hazel, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Ng'ombe hana, ufugaji haujui, na paa la nyumba lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha mama. Akaamua kuuza lile la bondeni, na akaamua kumwuzia Fergus.

Habari ilifika kwa watu kabla Fergus mwenyewe hajamaliza kuongea na benki. Jumamosi akaja Mervyn Cuddy, mzee wa kanisa, rafiki wa baba. Mimi nilikuwepo, napaka siagi mkate. Alikaa, akavua kofia, akasifu mkate ambao hajauonja.

"Binti yangu," akamwambia Hazel, "sisi tutakupa bei ileile. Tumeshachanga."

"Mnalitaka la nini, mzee Mervyn? Nani atalilima?"

"Hilo tutaliona baadaye."

"Fergus amelilima miaka yote hiyo."

"Nani amesema vibaya juu ya Fergus? Fergus hana shida. Mtu safi. Mkodishie hata kesho." Akazungusha kofia magotini. "Lakini likishatoka, halirudi. Hilo unalijua. Mama yako bado yuko hai, na siku yake itafika kama ya kila mtu. Itabidi abebwe."

Mama alikuwa hapohapo kwenye kiti chake. "Mimi nitabebwa hata kwa toroli, Mervyn," akasema. "Kunywa chai yako."

Mervyn akainywa, akaaga kwa adabu zote. Alipotoka nilimwambia Hazel ukweli wangu. "Uza kwao. Kichwa chako kigumu, lakini unaishi hapa."

"Dada, kila Jumanne nawaambia watu waaminiane. Sasa niwaambieje?"

"Waambie vilevile. Nani anakuja kukukagua?"

Akaenda kuosha kikombe cha Mervyn. Mwezi uliofuata akaweka saini, na shamba likawa la Fergus.

Usidhani kuna aliyevunja dirisha. Ingekuwa hivyo ningepata wa kumpigia kelele. Mama hakupangiwa tena zamu ya maua kanisani. Yule jamaa aliyekuwa akitukatia ua wa miti wa shamba kila vuli akawa na maumivu ya mgongo. Dukani watu walimsalimia Hazel vizuri sana, kama mgeni. Na Jumanne moja bendi haikuja kituoni. Jumanne ya pili hawakuja akina mama wa kanisa. Hazel akapanga viti, akachemsha maji, akakaa na Wakatoliki watupu, ambao wenyewe walikuwa wamepatana siku nyingi.

Kamati ikaitwa. Mkataba wa Hazel ulikuwa unakaribia kuisha, na wafadhili walitaka kuona pande mbili kwenye kila picha. Ikaamuliwa usiongezwe. Walisema hana kosa lolote, ila mpatanishi lazima aaminiwe na kila upande, na yeye haaminiwi tena na upande mmoja. Upande wenyewe ni wetu.

Jioni yake Fergus akaja nyumbani. Buti zake zilikuwa na matope mabichi ya shamba la bondeni. Hakukaa mpaka Hazel alipomvutia kiti.

"Hazel, nataka ulisikie kwangu, usilisikie barabarani," akasema. "Tulipiga kura. Na mimi nilinyoosha mkono."

"Ulinyoosha mkono wa kumtoa?" nikauliza.

"Lorna, bila watu wenu hakuna kituo. Wale vijana wetu wamezoea kuja. Nikikataa, mradi unakufa, na watasema McAleer amepewa shamba na sasa anamlinda aliyempa."

"Kwa hiyo shamba umechukua, na kazi umemchukulia."

"Shamba nilinunua," akasema polepole. "Bei ya haki. Sikupewa."

 Nilikuwa na birika mkononi, na Mungu ananijua, kidogo tu nimmwagie. Nilimtazama Hazel, nikingoja amwonyeshe mlango, au alie, au angalau amkumbushe kile kitanda cha mama kilichokuwa kinalowa huku tukimngoja apate mkopo. Hazel alikuwa anamtazama Fergus machoni, kwa ile namna yake.

"Umefanya vizuri kuja mwenyewe," akamwambia. "Haikuwa rahisi."

Fergus akashusha pumzi, akashukuru, akaondoka. Nilisikia akiongea na mbwa wetu uani, kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo.

"Wewe una wazimu?" nikamwambia mdogo wangu. "Umemsamehe kabla hajaomba msamaha."

Alikuwa anakusanya vikombe. "Ana haki, dada. Ningekuwa mimi kwenye kamati, ningenyoosha mkono vilevile. Ndivyo tulivyofundishwa kule Uswidi."